Sarafu Saba kwa Futi Sita

Baba yangu alikuwa mpishi. Alimpikia bibi mmoja Mzungu kule upande wa Lavington miaka mingi, na yule bibi alipofunga nyumba arudi kwao hakuwa na pesa ya kumpa mkono wa kwaheri. Alimpa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na sarafu saba za dhahabu, kila moja na kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili mtu juu ya farasi akiua joka. Baba alikuwa ametaka baiskeli. Alinung'unika wiki nzima, halafu akazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia na hakuzitaja tena mpaka alipokuwa akifa.

Alifia mikononi mwangu, mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha uji. Ndugu zangu wawili wakagawana shamba. Mimi nikapata kopo. Wakasema hiyo ni haki, kwa sababu nimeolewa na ardhi yangu iko kwa mume wangu. Sikubishana nao. Nilichukua kopo nikaenda nalo Kabiria, nilikoolewa, nikalifukia chini ya kiota cha kuku. Mlinzi mzuri kuliko wote duniani ni kuku anayeatamia. Wezi waliingia nyumba yangu mara mbili, walibeba redio, walibeba blanketi karibu nikiwa nimelala ndani yake, lakini hakuna mwizi aliyewahi kutia mkono chini ya kuku.

Sasa nieleze lile shamba la Kabiria, maana bila hilo sarafu zingekuwa bado chini ya kuku. Baba mkwe aliligawa mara mbili. Sehemu ya mbele, inayogusa barabara, alimpa mtoto wake mdogo, shemeji yangu. Sehemu ya nyuma alimpa mume wangu. Nyuma ya nyumba yangu kuna ua wa kayaba, na ndani ya ua ndimo alimolala baba mkwe mwenyewe, na mama mkwe, na baadaye mume wangu. Kwenda barabarani tulipita kando ya mahindi ya shemeji. Zaidi ya miaka thelathini tulipita hapo na magunia, na ng'ombe, na mgonjwa kwenye mkokoteni, na hakuna aliyewahi kuuliza ile njia ni ya nani.

Mwaka wa elfu mbili na saba shemeji alikuja kwangu akaketi kwenye kigoda. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema, nikajua ni jambo baya. Akasema anauza. Amepata mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba za kupangisha, ghorofa nne, ukuta mpaka ukuta. Nikamwuliza mimi nitapitia wapi. Akasema kuna njia ya chini, ya kijitoni. Hiyo ya kijitoni inapita kwenye mashamba ya watu watatu, na mvua ikinyesha hata bata anateleza.

"Na siku nikifa?" nikamwuliza. "Watu wakija kunizika kando ya ndugu yako, watapitia kijitoni na jeneza?"

Akacheka. "Wafu hawaendi sokoni, mama wa nyuma. Wafu hawahitaji barabara."

Mama wa nyuma ndilo jina alilonipa tangu nilipoolewa. Sikuwahi kulipenda na sikuwahi kumwonyesha.

Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alitaka pikapu ya kubebea maziwa, na alikuwa amechoka kulima mahindi yanayoibwa mabichi. Akaniambia mnunuzi analipa elfu kumi na mbili kwa kila futi ya upana, kutoka barabarani mpaka kwangu. Nikitaka njia ya futi kumi, kama njia ya kawaida ya gari, nimletee laki moja na elfu ishirini kabla mpimaji hajaja mwisho wa mwezi. "Hata ukinunua futi moja nitakukatia," akasema, "upite kama kuku."

Jioni ile nilimwinua kuku.

Nina mjukuu anayebeba jina langu, kifungua mimba wa mwanangu, kama desturi yetu inavyotaka. Huyo msichana nimemlea mimi. Alimaliza kidato cha nne na cheti chake kimetundikwa ukutani kwangu karibu na picha ya harusi, ingawa mimi kukisoma sijui, najua tu ni kizuri kwa sababu mwalimu mkuu alinishika mkono. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili na alifanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta, huko Kawangware. Nilipomwonyesha sarafu hakupiga kelele. Aliziweka kwenye kiganja, akazigeuza moja moja, akasema, "Shosho, umekalia hizi miaka yote na tunakunywa chai ya rangi?"

Kesho yake alirudi na karatasi kutoka kwenye kompyuta. Bei ya dhahabu ya dunia nzima ilikuwa hapo, kwa dola, na bei yenyewe ni ya kitu kinachoitwa aunsi. Alikuwa ametafuta pia uzito wa sarafu ya aina ile, karibu gramu nane. Akachukua kalamu, akagawanya na kuzidisha mezani kwangu, akapata zaidi ya elfu kumi na tatu kila moja. Zote saba, zaidi ya elfu tisini. Si laki na ishirini, lakini nilijua shemeji akiona elfu tisini zimepangwa mezani, mate yatamtoka na atashusha bei.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Baba yangu alinifundisha kusugua. Mpishi wa Mzungu alikuwa akipimwa kwa sufuria zake, na zake ungeweza kuchania nywele ukitazama ndani. Majivu ya jikoni, mchanga laini wa mtoni, kitambaa cha gunia, na mkono usiochoka. Alikuwa akisema chombo kichafu ni aibu ya mwenye nyumba, hata kama chakula ni kitamu. Mimi mpaka leo ukija kwangu utajiona kwenye kifuniko cha birika. Na zile sarafu zilikuwa zimekaa, zimeingiwa na wekundu fulani, rangi ya mchuzi wa jana. Nikasema siwezi kwenda mjini mbele ya Wahindi na mali chafu kama niliyeokota jalalani. Mjukuu wangu alishika beseni. Nilisugua sarafu saba asubuhi nzima, mbele na nyuma, mpaka yule farasi akang'aa kama jino la tajiri. Nikaziosha, nikazianika juani kwenye ungo. Nilijivuna, sitadanganya.

Kabla ya kwenda mjini nilitaka kujua uzito wangu mwenyewe, nisidanganywe. Riruta na Kabiria kila mtu ananijua, kwa hiyo nilienda Kangemi, kwa mwenye bucha ambaye tuliuziana mboga na nyama miaka niliyokuwa na kibanda pale sokoni. Nikamngoja amalize wateja, nikamwomba anipimie kitu. Akaweka zile sarafu kwenye mizani. Mshale haukusogea hata unywele. Akagonga mizani kwa ngumi. Kimya. Akasema mizani ya ng'ombe haioni mambo madogo, inataka kuamshwa kwanza. Akakata robo kilo ya nyama, akaiweka, mshale ukapanda, halafu akaziweka sarafu juu ya nyama. Mshale ukajikuna kidogo.

"Umeona?" akasema. "Ni kama kipande cha mafuta. Hii, mama, mimi ningekuuzia na mfupa bure."

Nikazitoa kwenye damu, nikazifuta, nikanunua ile robo kwa sababu ya aibu.

Mjini tulienda siku ya Jumanne. Mimi nilivaa sare yangu ya akina mama wa kanisa, kwa sababu mtu huogopa kidogo kumwibia mama aliyevaa kitambaa cheupe kichwani. Duka la kwanza, karibu na Barabara ya Biashara, lilikuwa na kijana wa tai. Alizipanga sarafu kwenye kioo kama mtu anayepanga karata, hakupima, hakugusa na kitu, akasema elfu nane kila moja, na hiyo ni kwa sababu mimi ni mama. Nikamwuliza kama mama ni punguzo. Nikazikusanya.

Duka la pili lilikuwa jembamba, limebanwa katikati ya duka la vitambaa na la saa, na ndani alikaa mzee Mhindi mwenye sweta ijapokuwa jua lilikuwa kali. Alituambia tukae. Hakuuliza tumezitoa wapi mpaka baadaye, na nilipomweleza habari ya baba na yule bibi alitikisa kichwa tu, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Alifanya kazi polepole na akatuacha tuone. Alitoa jiwe jeusi, laini kama kisigino cha mtoto. Akapitisha ukingo wa sarafu juu yake, ukabaki mstari wa dhahabu mwembamba kama uzi. Akadondosha dawa kutoka kwenye kichupa. Akasema kama si dhahabu mstari utakimbia. Tukautazama sote watatu. Haukukimbia. Alifanya hivyo kwa zote saba, na mara zote saba mstari ulibaki.

Halafu mizani. Yake ilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, na alifunga mlango wake kabla ya kusoma, kwa sababu hata pumzi ya mtu inazidisha uzito. Nikafikiria bucha ya Kangemi na ile robo ya nyama. Zote zilikaribia gramu nane, mbili zilipungua kidogo kwa kuzeeka. Akapiga hesabu kwenye kikokotoo akaniambia elfu sabini na mbili kwa zote.

Mjukuu wangu akatoa karatasi yake. Alimwambia kwa heshima, lakini alimwambia, kwamba bei hiyo si ya kompyuta, kwamba sisi si watu wa kudanganywa. Mzee akavaa miwani mingine, akaisoma karatasi yote, hata pale msichana alipokosea na kufuta. Hakukasirika. Akamwuliza aunsi yake ina gramu ngapi. Msichana akasema ishirini na nane, iko nyuma ya daftari la shule. Mzee akasema hiyo ni aunsi ya unga na sukari. Dhahabu ina aunsi yake, ni gramu thelathini na moja na kitu. Halafu akamwonyesha jambo la pili: sarafu hii si dhahabu tupu. Ikigawanywa mafungu ishirini na nne, ishirini na mawili ni dhahabu na mawili ni shaba, kwa sababu dhahabu tupu ni laini, ingeisha mfukoni. Hayo mafungu mawili ya shaba hakuna anayeyalipia. Na la tatu, yeye ataziyeyusha au atamwuzia wa kuyeyusha, na moto una gharama, na yeye ana kodi ya duka. Akampa kikokotoo. "Piga wewe," akamwambia.

Msichana akapiga. Akapiga tena. Akaniambia kwa Kikuyu, "Shosho, haibi." Kisha akaikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni. Nilimpenda sana wakati ule. Wako watu wazima wengi ambao wangebishana mpaka duka lifungwe.

Nilikuwa nimekubali tayari. Mzee alikuwa akizirudisha kwenye kitambaa, moja moja, na ya tano akasimama nayo. Akachukua kile kioo cha jicho moja wanachokibana kama watengeneza saa. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alikaa huko muda mrefu, mgongo kwetu.

Aliporudi aliniuliza, "Mama, nani amesafisha hii?"

"Mimi," nikasema. Nilisema kwa majivuno, kwa sababu nilidhani ananisifu.

Akanipa kioo nami nitazame. Chini ya miguu ya farasi, kwenye udongo anaokanyaga, palikuwa na herufi ndogo kama yai la chawa. Akasema herufi hiyo inaonyesha mji sarafu ilikotengenezwa, na mwaka huo mji huo ulitengeneza chache mno. Zile nyingine sita ni dhahabu, thamani yake ni uzito wake na basi. Lakini hii, kuna watu, kuna daktari mmoja anamjua, anazikusanya, na angetoa kwa hii moja kama elfu sitini. Pesa karibu sawa na ya zile sita pamoja.

"Angetoa," nikasema.

"Sogeza macho. Tazama shingo ya mfalme."

Nikatazama. Kwa macho yangu matupu ilikuwa inang'aa vizuri. Ndani ya kile kioo, shingo ya mfalme na shavu na ndevu, yote yalikuwa yamechanwa mistari, huku na huku, kama shamba lililolimwa na mlevi. Huo ulikuwa mchanga wangu wa mtoni.

Mzee akasema anayekusanya sarafu hanunui dhahabu, ananunua ngozi. Ile rangi kuukuu, ile niliyoiita mchuzi wa jana, ndiyo aliyotaka daktari. Nikamwuliza, nikiiweka tena chini ya kuku miaka kumi, itarudi?

"Rangi itarudi," akasema. "Ngozi hairudi."

Huwa nafikiri kwamba angeweza kunyamaza. Angenunua kwa uzito na mimi ningerudi nyumbani nikiimba. Sijui kama aliniambia kwa wema au alishindwa tu kujizuia, kama fundi anavyoshindwa kunyamaza akiona mlango umepachikwa vibaya. Nimefikiri pia juu ya baba. Mtu aliyesugua kila kitu, aliyesugua hata kufuli ya choo, sarafu zile hakuzisugua hata siku moja. Nilidhani alizisusia kwa ajili ya baiskeli. Sikumwuliza alipokuwa na mdomo wa kujibu.

Niliuza zote saba kwa elfu sabini na mbili, kwa uzito. Nilimwomba mzee anirudishie kitambaa.

Tulipokaribia kituo, mjukuu wangu akasema, "Mimi ndiye niliyeshika beseni." Nikamwambia beseni halina kosa.

Shemeji alihesabu pesa mara mbili pale kwenye kigoda. Nilimwomba atushushie, kwamba mimi ni mke wa ndugu yake, kwamba baba yao mwenyewe amelala nyuma kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akagawanya sabini na mbili kwa kumi na mbili kwa sauti, ili na mimi nisikie. "Futi sita," akasema. "Si haba. Unapita na mwavuli umefunguka."

Mpimaji alipokuja na vigingi vyake niliita wanaume wawili wa kanisani, nikawapa kitanda changu wakibebe, mmoja mbele mmoja nyuma, wapite katikati ya kamba. Wakapita. Nikasema basi, mimi ni mwembamba kuliko kitanda. Shemeji alituona akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama nafanya mazoezi. Hati ya njia iliandikwa jina langu, na mimi nilitia sahihi, si kidole, maana mjukuu wangu alikuwa amenifundisha kuandika jina.

Nyumba za ghorofa zilipanda haraka. Ukuta wao ulikuja mpaka kwenye kigingi, haukuacha hata nafasi ya mjusi, na upande wa pili kuna ukuta wa jirani. Jua la asubuhi sikuliona tena. Lakini nilipita. Nilipita na maji, na kuni, na mjukuu wangu alipoolewa alipita hapo na nguo nyeupe ameikunja mkononi kama anayevuka mto.

Shemeji alinunua pikapu. Hakukaa nayo sana. Sukari ilimwingia miguuni, na mwaka wa pili baada ya kuuza akafariki. Ardhi hakuwa nayo tena hata ya kaburi. Watoto wake walisema azikwe kwenye makaburi ya mjini, wazee wa ukoo wakakataa, wakasema mtu hulala kwa baba yake. Na baba yake yuko nyuma kwangu. Wakaja watoto wawili na mama yao, mjane, wakaketi, wakanywa chai, wakakosa pa kuanzia. Nikawaambia njia ni ya kupita.

Walikuwa wamenunua jeneza kubwa, la vanishi, na mishikio ya shaba mbavuni. Wabebaji sita, watatu kila upande, wanaume wenye mabega. Walipofika kwenye mdomo wa njia wakasimama. Kitanda changu kilibebwa na watu wawili, mbele na nyuma. Hilo sikulifikiria siku ile. Wakageuka wakaanza kwenda kiubavu, migongo ikikwaruza saruji, wimbo ukawa unatoka nusunusu. Katikati ya njia kuna bomba la maji machafu la yale maghorofa, limetokeza. Hapo jeneza lilikwama. Wimbo ukakatika. Mmoja akasema turudi nyuma, mwingine akasema tuinue, wakaliinua juu ya vichwa vyao, na likapita bomba kwa kukwaruzika.

Mimi nilikuwa nyuma yao na mjane. Kila mtu alitazama lile bomba. Mimi nilijua zilikokwenda futi nne zilizopungua kwenye kumi, na mjukuu wangu alijua pia, kwa maana alinishika kiwiko.

Walipolishusha uani, kulikuwa na mchubuko mrefu kwenye vanishi, ubavu wote, mweupe, umefika mpaka kwenye mbao. Mjane aliuona. Alitoa leso, akailowesha mate, akainama aanze kuusugua.

Nikamshika mkono. "Acha," nikamwambia. "Usisugue."

Akaacha. Tukaenda kaburini na ule mchubuko.